Chungu Ambacho Sikukifungua

Marahaba, marahaba. Kaeni basi. Mwalimu wenu kanipigia simu akasema vijana wake wanaosomea uokaji hapa Mbinga mjini wanataka kusikia habari za tanuri la kuni, tena kutoka kwa mtu aliyelifanyia kazi mpaka nyusi zikaungua. Nyusi zenyewe ndizo hizi, hazikurudi. Nitawaeleza. Ila mjue mapema kwamba mimi si babu wa kuwachekesha tu. Kazi ya kuoka naipenda mpaka leo. Watu niliowaokea ndio walioniumiza, na sioni aibu kulisema hilo.

Kwa miaka mingi nimetaka jambo moja. Mtu asimame mbele ya watu kule misheni ya ziwani aseme, "Kanisius hakufungua chungu cha Mama Getruda." Basi. Sitaki ng'ombe, sitaki fidia, nataka maneno hayo tu. Shikeni hilo, halafu tuongee habari za mkate.

Mimi ni Mmatengo, kwetu ni Ukata, juu huko kwenye baridi. Nilichojua ujanani ni kulima ngoro, yale mashimo yetu ya kwenye miteremko, na kuchuma kahawa. Misheni ikawa inatafuta mtu wa kupasua kuni, nikashuka. Siku ya kwanza kuliona ziwa nikauliza nani kalichimba, Wanyasa, wenyeji wa kule ziwani, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikapewa shoka, nikakabidhiwa kwa Bruda Salvu. Huyo alikuwa mtawa mfupi mwenye sauti ya dalali wa mnadani, mwoka mikate, mtoto wa mwoka mikate, kutoka Malta.

Malta, wanangu, ni kisiwa katika bahari ya Mediterania, kati ya Italia na Libya. Kadogo kweli. Bruda alikuwa akisema ukikichukua ukakiweka huku kwetu, kitapotea kwenye bonde moja na hakuna atakayekiulizia. Lakini maneno yake! Tulipokuwa tunangoja joto la tanuri lishuke, yeye anakaa juu ya gunia la unga, anasimulia. Kwao kuna mahekalu ya mawe makubwa yaliyojengwa na watu ambao hakuna anayejua waliitwaje. Walikuja Waarabu wakakaa, wakaondoka, wakaacha lugha. Wakaja mashujaa wa Kikristo wenye misalaba vifuani, wakatawala, wakawakataza wananchi kuwinda sungura, eti sungura ni wa mabwana. "Ndiyo maana Mmalta akipata sungura leo," anasema Bruda, "anamla kwa hasira." Na kweli, tukipika sungura yeye na mimi, kwa vitunguu saumu vingi na divai kidogo, alikuwa anatafuna mpaka mifupa.

Akifika kwenye vita ya Hitler sauti inashuka. Alikuwa mtoto. Ndege zilimwaga mabomu kila kukicha, meli za chakula zikazamishwa, watu wakachimba mapango wakaishi chini. Baba yake alichanganya viazi kwenye unga ili mkate uongezeke. Mwishowe meli chache zikafanikiwa kuingia bandarini, karibu na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, moja ikikokotwa na huku inazama. Basi kila mwaka sikukuu hiyo ikifika, Bruda anatoa mkate wa kwanza, anaushika mkononi, analia. Kisha anapenga kamasi, ananifokea, "Kanisi, unashangaa nini? Kuni!"

Sasa ninyi mnabonyeza kitufe. Sisi tuliwasha kuni humohumo ndani ya tanuri, moto unawaka mpaka dari lililokuwa jeusi linageuka jeupe. Hapo masizi yameungua na joto limeingia kwenye matofali. Kuni bora ni mashina ya mibuni mizee kutoka huku juu, yanawaka taratibu na hayapasukipasuki. Unavuta makaa nje, unapangusa sakafu kwa gunia lililoloweshwa, unarusha unga kidogo. Ukigeuka mweusi papo hapo, tulia, subiri. Ukiwa rangi ya chai ya maziwa, ingiza mikate. Kibao cha kuingizia hatukuwa nacho, tukatumia kasia la mtumbwi. Mwenye mtumbwi alilitafuta sana, masikini, na kila asubuhi alikuwa akila mkate uliopitia kwenye kasia lake.

Hamira ya dukani hatukuijua. Donge la jana linafichwa kwenye bakuli, linaamsha la leo. Nilipoanza kazi nililikuta linanuka kama pombe iliyolala, nikasema huu uchafu, nikawatupia kuku. Wee! Bruda aliwakimbiza wale kuku uwanja mzima kanzu kaikunja mkononi, anawatukana kwa Kimalta. Ilibidi tuanze chachu upya, na wiki ile misheni nzima ilikula vitumbua.

Chakula chao, nikiwaambia, hakikuwa cha kitajiri. Mkate wa moto unausugua nyanya mpaka unakuwa mwekundu, unamwagia mafuta. Wanaita hobz biz-zejt, yaani mkate na mafuta. Kwao ni ya zeituni, sisi tulitia ya alizeti, Bruda anafumba macho na kujidanganya. Samaki wao wa msimu wanamfunika kwa unga na mboga na kumwoka. Sisi tulimfanyia hivyo mbasa wa ziwani, na nathubutu kusema mbasa aliwashinda samaki wao. Maharage wanaponda na kitunguu saumu na pilipili. Jibini ndogondogo za maziwa ya mbuzi alizianika nyuma ya jiko, ngedere wakazimaliza zote.

Mganga wa zahanati yetu alikuwa Bwana Shabani, mtu wa Tanga, Mwislamu safi, serikali ilimpanga kule. Siku moja kaja kununua mkate, Bruda akaungua mkono, akapiga kelele, "Alla!" Bwana Shabani akasimama. "Bruda, umesilimu lini mbona hukutuita?" Ndipo Bruda akamweleza kwamba Wakatoliki wa Malta Mungu wanamwita Alla, dunia wanaiita dinya, kitabu ktib, roho ruh. Bwana Shabani alicheka, akamshika bega. "Kumbe wewe ni mtu wa pwani uliyepotea njia." Kuanzia hapo walikuwa chanda na pete.

Na sasa nifike kwenye lile tanuri la Jumapili, maana ndilo lililoniponza.

Kijijini kwao Malta, Jumapili, akina mama hawakuwa na majiko ya kuokea. Walipeleka vyakula vyao kwa mwoka mikate, viazi na nyama, au makaroni, au wali wa kuoka, vikaiva kwa joto lililobaki wakati wao wako kanisani. Wakitoka misa kila mtu anachukua chake. Bruda akasema, "Kanisi, tanuri letu linapoa bure kila Jumapili. Ni dhambi." Akakata vibati, akaviandika namba, akatangaza kanisani. Jumapili ikafika, vibati vinang'aa, chungu hata kimoja hakuna.

Nilimwambia, "Bruda, huku mtu haachi chungu chake katikati ya vyungu vya watu. Nani atajua kilichotiwa ndani?" Huo ndio ukweli wa kwetu, na ninyi mnaujua, msinitazame hivyo. Chakula ambacho hukukipa kisogo ndicho chakula salama. Bruda alikasirika, akatupa vile vibati.

Aliyeokoa jambo alikuwa Mama Getruda. Huyu alikuwa Mnyasa, mkausha samaki, kanizidi umri, mimi nikimwita dada. Alikuja na chungu chake cha mbasa na viazi, kafunika, akaniambia, "Kanisi, nipe donge la unga." Akalivuta likawa utepe, akazungusha kwenye mdomo wa chungu, akagandisha kifuniko, kisha akabonyeza kifungo cha gauni lake kwenye utepe mahali pawili patatu. "Haya. Atakayekifungua nitajua." Baada ya misa utepe ulikuwa umeokwa mgumu, alama zake zimekaa, akaupasua mbele ya watu wote, mvuke ukatoka. Jumapili iliyofuata vilikuja vyungu mpaka nikakosa pa kuviweka. Kila mama na alama yake: punje ya harage, gunzi, ufunguo. Bruda aliwagawia wote unga wa ngano, bure, na watoto walipigana kugombea utepe uliookwa.

Hata ugomvi ulikuwa mtamu siku zile. Wamatengo wenzangu walileta nguruwe, na chungu cha Bwana Shabani kimo humohumo. Bruda akasimama mlangoni, akasema Jumapili nguruwe haingii. Katekista akapaza sauti, "Bruda, hili ni tanuri la kanisa!" Bruda akamjibu, "Ndiyo, la kanisa. Kwa hiyo jirani lazima ale." Nguruwe akarudi nyumbani, na katekista huyohuyo akala maharage yaliyookwa mpaka akaomba ya nyongeza.

Kisha Bruda akaanza kuumwa miguu. Wakubwa wake wakamwita arudi kwao. Alinishika mkono dirishani mwa gari, machozi yanamtoka, na mimi nikitegemea aniachie baraka. Akasema, "Akina mama wapewe unga. Ngano, Kanisi. Ngano." Gari likaondoka. Alifia kisiwani kwao, na habari tulizipata kwa kuchelewa.

Alikuja paroko mpya, mtu wa kubana matumizi. Akasema unga wa misheni si wa kuzibia vyungu. Nilimweleza. Akaniuliza, "Kanisius, wewe ni mwoka mikate au msemaji wa akina mama?" Basi wakaanza kuja na unga wao, wa mahindi, wa muhogo. Wanangu, mwalimu wenu amewafikisha hapo? Ngano ina ule unato unaovutika. Mahindi hayana. Ukizungushia chungu utepe wa mahindi ukautia kwenye tanuri, unakauka, unapasuka, unadondoka. Niliwaambia akina mama mmojammoja. Walinijibu, "Sasa tufanyeje, Kanisi?"

Jumapili hiyo nilitoa vyungu. Cha Mama Getruda utepe ulikuwa umekatika, kipande kizima kimebaki sakafuni. Akakitazama. "Kanisi, nani kagusa chungu changu?"

"Hakuna, dada. Ni haya mahindi, yamepasuka."

Akachukua chungu chake, akaenda zake, wakala nyumbani kwake.

Mjukuu wake, Tito, mtoto anayeanza kutembea, alikuwa na homa tangu kabla ya Jumapili hiyo. Walimpa majani, wakamfunika. Walipomfikisha zahanati Bwana Shabani alimpima, malaria imeshapanda kichwani. Akafa mikononi mwake. Na kabla hatujamaliza kufukia kaburi, nasikia nyuma yangu watu wananong'ona habari za chungu. Kilifunguliwa. Nani alikuwa ndani peke yake na vyungu? Yule Mmatengo. Tena yeye na mkewe hawana mtoto hata mmoja. Mnaona walikoelekea? Mimi na Agnesi hatukujaliwa, ilikuwa huzuni yetu ya chumbani, wao wakaigeuza ushahidi. Agnesi akienda mwaloni, wauza samaki wanamwambia wameisha, na samaki anawaona kwenye beseni.

Paroko akaitisha kikao. Nilikwenda nikiwa na amani kabisa, mjinga mimi, nikajua watu niliowalisha watasema. Bwana Shabani, Mwislamu, ndiye aliyesimama. "Mtoto nilimpima mimi mwenyewe. Ni malaria. Tena mngemleta mapema tungezungumza mengine." Sauti ikatoka nyuma, "Si unakula naye wewe?" Nikamwangalia katekista. Alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba kavinunua asubuhi ile. Mama Getruda alikuwa kajifunika khanga usoni, na mimi sikuweza kumlaumu siku ile.

Paroko akasema, "Kwa ajili ya amani, tulifunge tanuri."

Nikamwambia, "Baba, ukilifunga leo umewaambia ni mimi. Tangaza kwanza kwenye misa kwamba sikukifungua, halafu lifunge ukitaka."

"Mambo mengine tumwachie Mungu, Kanisius."

"Mungu anajua tayari! Wasiojua ni hawa!"

Wakalifunga. Wakaweka kufuli, baadaye wakalivunja, matofali wakayajengea choo. Bwana Shabani akahamishwa. Mimi na Agnesi tukapanda kurudi juu, nikapata kazi kwenye oveni za umeme hapahapa mjini mpaka nikastaafu. Agnesi alifariki akiwa anajua kwamba kule ziwani bado anatajwa kama mke wa yule. Nilimwahidi kwamba siku moja watasema. Alinijibu, "Wewe na watu wako," akageukia ukutani. Yule alikuwa na akili kunizidi.

Siku hizi vijana wengi wanaona kukanda unga ni kazi ya kike, wanakimbilia Ngaka kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Ninyi mmebaki, nawasifu. Lakini msijidanganye kwamba mtu ukimlisha amekuwa wako. Atakula, atafuta mdomo, na siku ya shida yako atakuangalia kama hakujui. Mwalimu wenu anakunja uso, eti nawakatisha tamaa. Acha niwakatishe. Mimi nilikatishwa bila kuonywa.

Mwaka huu parokia ile imefanya jubilei. Wakanitumia mtu mpaka Ukata, kijana mstaarabu, kanipigia shikamoo kwa kuinama, akasema wazee wote waliofanya kazi misheni watatambuliwa. Nikasema leo ndiyo leo. Nilinyoosha koti kwa pasi ya mkaa, nikapanda gari, nikapitia Tingi, lami tupu siku hizi, nikashuka ziwani mchana kweupe na watu wamejaa turubai zima.

Mwenyekiti wa parokia ni mtu mpole, hakuwa hata mkubwa wakati ule. Akawataja marehemu, akamtaja Bruda Salvu, vigelegele. Halafu akanigeukia. "Na tunaye mzee wetu Kanisius. Mzee huyu alitulisha. Yalitokea ya kutokea, wazazi wetu waliumia. Lakini leo ni jubilei, na sisi wanaparokia tumekaa tukazungumza, tukakubaliana kwa moyo mmoja. Mzee Kanisius, tumekusamehe."

Makofi. Wakanivika blanketi mabegani, jipya, lina harufu ya duka.

Damu ilinichemka mpaka nikaona giza. Nilisimama, nikaomba kipaza sauti, mwenyekiti akanipa kwa mikono miwili, anatabasamu. Nikasema, "Sijaomba msamaha mimi. Mimi chungu kile siku..." Mwalimu wa kwaya aliona machozi yangu, akadhani ni furaha, akainua mkono. Kinanda kikaanza, kwaya ikaimba, akina mama wakainuka kucheza. Nilikuwa naongea, nasema yote, mahindi, malaria, ngano, na hakuna aliyenisikia hata neno moja.

Kisha nikaona watu wanapisha. Mama Getruda ameshikwa mkono na binti yake, analetwa kwangu. Macho hayaoni tena vizuri. Akanitafuta uso kwa vidole, akaushika kwa mikono yote miwili. Wimbo ulikuwa unaishia.

"Kanisi," akasema, "nimechoka kukuchukia, mdogo wangu. Nataka nimfuate Tito na moyo mweupe. Nimekusamehe."

Maneno yangu yalikuwa tayari. Nimeyapanga tangu kikao kile, nimeyasema peke yangu shambani, nimeyasema kwenye kaburi la Agnesi. Nikafungua mdomo. Yule bibi alikuwa ananingoja, kainua uso, viganja vyake vimo mashavuni mwangu.

"Asante, dada," nikasema.

Kwaya ilikuwa imeshanyamaza, na kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika. Parokia nzima ilisikia.